Siku Sita za Bamvua: Kurudi Jambiani

Ijumaa, 19 Julai 2024

Boti ya saa moja asubuhi iliondoka gatini Dar es Salaam bila kuchelewa, na kwa kuwa tumo katikati ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, mara tulipotoka mlangoni mwa bandari mawimbi yalianza kutupiga ubavuni, mazungumzo yakakatika, na wahudumu wakapita wakigawa mifuko. Nilikuwa nimeketi na binti yangu mwenye umri wa miaka 22, ambaye mara ya mwisho tulipokwenda huko alikuwa na miaka 7 na alilala mapajani mwangu njia nzima. Tunakwenda Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, ambako nilifika kwanza mwaka 1996 nikiwa mwalimu kijana mwenye likizo ya wiki moja na fedha kidogo, na ambako nilirudi karibu kila Desemba hadi mwaka 2009. Baada ya hapo mama yangu aliugua, mimi nikahamishwa kituo cha kazi mara mbili, na kila mwaka nikasema nitakwenda mwakani.

Katika safari ile ya 2009 kisiwa kizima kilikuwa gizani, kwa sababu umeme unaotoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari ulikatika Desemba hiyo na haukurudi hadi Machi 2010. Mjini watu waliteseka sana, lakini Jambiani tuliwasha chemli kama tulivyokuwa tukiwasha miaka ya tisini, tukala samaki kwa mwanga wake, na nikaondoka nikiamini kwamba kijiji hakijabadilika. Leo naona kwamba picha niliyoibeba kichwani kwa miaka yote hii ilikuwa ya zamani kuliko tarehe yake.

Nilikuwa nimemzoesha mwanangu kwamba dalili ya kufika Unguja ni mnara wa saa wa Beit al-Ajaib. Leo tulitazama pamoja mahali ulipokuwa. Jumba hilo, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, mnara ukaanguka nalo na watu wawili wakapoteza maisha. Habari hiyo niliisoma wakati ule nikasikitika, lakini kusoma hakukunitayarisha kuliona pengo lenyewe kutoka baharini, mahali ambapo jicho langu lilikuwa likitua kabla ya mahali pengine popote.

Gari namba 309 lilitutoa mjini. Zamani tulipanda chai maharage, magari yale ya bodi la mbao ambamo abiria hukaa ubavu kwa ubavu na mizigo hufungwa juu. Leo tulipata basi dogo lenye viti vinavyotazama mbele. Tulipita Tunguu, kisha msitu wa Jozani, ambako matuta ya barabarani humlazimisha dereva kupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake, halafu Kitogani, na hatimaye Paje, ambapo barabara inakunja kulia kufuata pwani. Kutoka hapo hadi Jambiani palikuwa na njia ya mawe na vumbi iliyotutikisa mifupa. Sasa ni lami. Nilipokuwa nikiizungumza ile njia, basi lilikwisha kufika.

Nyumba niliyokuwa nikifikia ilikuwa ya mvuvi na mkewe, hatua chache kutoka mchangani, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na kuezekwa makuti. Jina la mke na langu ni moja, na kwa desturi ya pwani hatukupata kuitana kwa jina tangu siku ya kwanza. Yeye kwangu ni somo, na mimi kwake ni somo. Nambari yao ya simu nilikuwa nimeipoteza miaka mingi. Nilitembea kwa kumbukumbu ya miguu, nikapita msikiti, nikakata kushoto kwenye uchochoro ulionipeleka baharini mara zisizohesabika, na uchochoro ule ukaishia kwenye ukuta mweupe uliofunikwa na maua ya zambarau. Nyuma ya ukuta nilisikia maji ya bwawa la kuogelea. Mwenye duka la jirani, ambaye alikuwa mtoto nilipomwacha, alinitazama kwa muda kisha akasema kwa upole, "Somo yako kahamia juu, ng'ambo ya barabara. Hapa sasa hoteli."

Nilimkuta ameketi barazani akichambua mchele. Alisimama, mchele ukamwagika, akanishika mabega yote mawili. "Somo! Ndiyo wewe?" Mwanangu akamwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, marahaba," huku akimpima urefu kwa mkono kuanzia kiunoni, pale alipomwacha. Ndipo nilipouliza habari za shemeji, nikaambiwa kwamba alifariki mwaka 2016. Nilitoa mkono wa tanzia uliochelewa miaka minane, na tulikaa kimya mpaka adhana ya alasiri.

Jinsi nyumba ilivyoondoka alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na anachouza mtu ni haki ya kutumia, jengo, na miti iliyopandwa. Kwa hiyo mazungumzo ya bei yalikuwa pia mazungumzo ya kuhesabu minazi, nao walikuwa na kumi na mmoja. Fedha hizo zilijenga nyumba hii ya matofali yenye vyumba vitano na bati juu, zikamsomesha kijana mkubwa chuoni, zikanunua mashine ya boti. "Hatukudhulumiwa," alisema. "Tuliuza wenyewe kwa mikono yetu. Lakini somo yangu, hatukujua kama tunauza na njia."

Jumamosi, 20 Julai

Tumelala katika nyumba ya wageni ya familia moja ya hapa kijijini, kwa sababu somo alitaka tulale kwake na mimi nilijua kwamba chumba ambacho angetupa ni cha wajukuu wake. Tulikubaliana kwamba tutakula kwake kila usiku.

Asubuhi maji yalikupwa kabla ya saa nne. Yeyote asiyeijua pwani hii na afike kwanza wakati wa kupwa, kwa maana ndipo atakapoielewa. Mwamba uko mbali, mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika karibu na upeo wa macho, na kati ya mwamba na mchanga kuna uwanja mpana ambao bahari huuachia mara mbili kwa siku. Unapokuwa mtupu unaonekana kama shamba: majani ya bahari yamelala upande mmoja, vidimbwi vina viti vya pweza vyekundu na vya rangi ya udongo, shokomzoba wamejificha mashimoni na miiba yao mirefu, na ngalawa zimeketi kwenye matope zikisubiri kuinuliwa. Wazee wa hapa husema jina la kijiji limetokana na jambia lililookotwa zamani. Mimi kila mara nimekifahamu kwa uwanja huu.

Ndio ulionifanya nipende Jambiani kuliko fukwe nyingine zote nilizozuru. Sikupendezwa na mchanga mweupe peke yake, ambao unapatikana kwingi. Nilipendezwa na kwamba mimi mgeni nililala kwenye kivuli huku mbele yangu kijiji kizima kikifanya kazi, na hakuna aliyeona ajabu kwa mwenzake. Wanawake walifukua makumbi ya nazi yaliyofukiwa mchangani kwa miezi mingi mpaka yakalainika, wakayaponda kwa magongo hadi ukabaki usumba, wakakaa vivulini kusokota kamba. Kila shimo la makumbi lilikuwa na rundo la mawe juu yake, na kila mwenye rundo alilijua lake. Watoto walitoka shule wakaingia majini na sare. Wavuvi walirudi na tanga moja moja, na mnada wa samaki ulifanyika palepale mchangani.

Leo tulitembea kutoka Kikadini hadi mwisho wa Kibigija, mitaa ya Jambiani hii hii, na kurudi, na katika mwendo huo nilihesabu marundo mawili ya makumbi. Kamba za nailoni zinauzwa dukani kwa bei ndogo, na sidhani kwamba yupo binti wa hapa anayetamani kunuka makumbi kama mama yake, simlaumu. Lakini kelele ile ya magongo, iliyokuwa ikianza mapema na kudumu hadi maji yajae, imeondoka pwani, na mahali pake tumesikia muziki wa hoteli tatu ukigongana.

Jambo lililonitia uchungu zaidi ni kuta. Zamani mchanga ulipanda polepole hadi chini ya minazi na mivinje, na wimbi la bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, lilipanda nao, likachoka, likarudi. Sasa mahali pengi pamejengwa ukuta wa mawe au saruji kulinda bustani ya hoteli, na wimbi likiugonga halina pa kuchokea, bali hurudi na nguvu zake likichimba mchanga wa chini ya ukuta wenyewe na kumega kiwanja cha jirani asiye na ukuta. Jirani naye hujenga. Alasiri, maji yalipojaa, kulikuwa na sehemu ambazo hatukuweza kupita kwa miguu bila kulowa hadi magotini, mahali ambapo mwaka 1996 watoto walikuwa wakicheza mpira katika saa hiyo hiyo. Mivinje mitatu imelala chini mizizi ikiwa juu.

Kwenye sehemu moja mlinzi alitufuata akatuuliza tunakaa hoteli gani. Alikuwa kijana wa heshima, na alipoambiwa kwamba tunapita tu alituomba tupite upande wa maji. Mwanangu alimjibu kwamba ufukwe ni wa watu wote. "Najua, dada," alijibu, "lakini kazi yangu ni hii." Nilimsikitikia yeye kama nilivyojisikitikia mwenyewe.

Jumapili, 21 Julai

Tulikwenda Paje kwa miguu, tukifuata mchanga mgumu ulioachwa na maji, upepo wa kusi ukitusukuma mgongoni. Kabla hatujafika tuliona anga imejaa vishada vikubwa vya rangi, zaidi ya hamsini, vikikimbia huku na huko, na chini ya kila kishada mtu juu ya ubao. Wenyewe wanauita mchezo huo kaiti. Paje imekuwa mahali mashuhuri kwa mchezo huu kwa sababu zilezile zilizoifanya iwe mashuhuri kwa jambo jingine: kina kifupi, mwamba unaozuia mawimbi makubwa, na upepo wa kuaminika, kaskazi kuanzia Desemba na kusi kuanzia Juni.

Jambo hilo jingine ni mwani. Kilimo cha mwani cha biashara hapa Zanzibar kilianza mwaka 1989 katika vijiji hivi viwili, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Nilipofika 1996 uwanja wote wa Paje wakati wa kupwa ulikuwa umepigwa vijiti vilivyonyooka kwa mistari, kamba zikiwa zimefungwa kati yake, na wanawake wameinama majini na kanga zao wakifunga na kufungua. Kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa na fedha zisizopita mkononi mwa mume. Somo alinunua mlango wa kwanza wa mbao wa nyumba yake kwa mwani, na alinionyesha mlango huo kabla ya kunionyesha chumba.

Leo mbele ya sehemu yenye vishada vingi hakuna kijiti hata kimoja. Wapanda kaiti na wakulima walihitaji uwanja mmoja katika saa tofauti za maji, lakini vijiti havina saa. Vikifunikwa na maji vinakata miguu ya mwenye ubao, na kamba za kaiti zinaweza kumjeruhi mkulima. Waliopisha ni wakulima, ambao tayari walikuwa wameanza kuvunjwa moyo na mwani wenyewe, kama nitakavyoeleza kesho.

Mwanangu alilipia somo moja la kaiti, na mwalimu wake alikuwa kijana wa Paje mwenye cheti cha kufundisha, anayezungumza Kiitaliano na Kijerumani kwa ufasaha. Walipopumzika nilimuuliza kuhusu mwani. Akasema kwamba mama yake alilima miaka kumi na mitano, na kwamba ada zake za skuli zilitoka kwenye kamba hizo. Sasa yeye ndiye anayempa mama yake fedha za matumizi, na mama hajaingia majini tangu alipoanza kuumwa mgongo. Alisema haya kwa fahari ya mtoto anayelipa fadhila, na haikunijia kumwambia kwamba nilikuwa nimekuja kuutafuta uwanja wa mama yake.

Kwa wanawake waliobaki Paje kuna kazi nyingine inayonipa matumaini: kusaga mwani na kutengeneza sabuni zenye mafuta ya nazi na karafuu, ambazo huuzwa kwa wageni kwa bei ambayo gunia la mwani mkavu haliwezi kuifikia. Nilinunua vipande sita.

Jumatatu, 22 Julai

Leo ni mwezi kumi na tano, Mfungo Nne, yaani Muharram, na maji ya bamvua yalivuta nyuma kuliko siku zote za safari yetu. Somo alitugongea saa mbili na nusu. Alikuwa amevaa viatu vya plastiki, gauni kuukuu juu ya suruali, na kofia ya ukili juu ya mtandio, na alituletea sisi wawili viatu kama vyake.

Kabla ya kufika majini tulipita njia. Ni lazima niieleze. Kati ya ukuta wa hoteli iliyo mahali pa nyumba yake ya zamani na ukuta wa hoteli inayofuata kumebaki upenyo ambao watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Kwa muda, alisema somo, hata upenyo huo ulikuwa na lango, na wanawake wenye magunia ya mwani uliolowa walilazimika kuzunguka hadi pwani ya diko, ngalawa zinapofikia, na kurudi, mwendo wa nusu saa wa ziada na kilo thelathini kichwani. Walikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, wakaenda tena, wakaenda kundi zima wakiwa na magunia yao, na lango likaondolewa. Somo hupita hapo bila kugeuza uso kulia wala kushoto. Mwanangu, aliyekuwa nyuma yake, aliniambia baadaye kwamba alimsikia akihesabu kwa sauti ndogo. Nafikiri alikuwa akihesabu minazi.

Shamba lake liko mbali zaidi kuliko zamani. Mwaka 1996 tulikuwa tukilifika maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Leo tulitembea karibu dakika arobaini kuelekea mwambani, na tulipofika maji yalikuwa magotini hata katika kilele cha kupwa. Sababu ni joto. Karibu na ufukwe, maji yanayobaki baada ya kupwa hupigwa na jua mpaka yanakuwa ya moto, na mwani hauvumilii. Kuna aina mbili ambazo wakulima huziita spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, kwa sababu ute wake mzito hutafutwa na viwanda vya vyakula na dawa, na ndiyo iliyowapa wanawake wa hapa matumaini makubwa ya mwanzo. Ndiyo pia iliyokufa. Bahari ilipozidi kuwa ya moto, matawi yake yalianza kugeuka meupe, yakalainika na kukatika, na baada ya misimu kadhaa ya kupanda na kupoteza mbegu wanawake wengi walibaki na spinosamu, ambayo ni ngumu zaidi lakini bei yake ni ndogo. "Mwani unaugua kama mtu," alisema somo. "Kwanza unakuwa mweupe, halafu hauna nguvu, halafu unauona unaelea."

Mtafiti Flower Msuya, ambaye amefanya kazi na wakulima wa mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi, alijaribu pamoja nao njia ya kupanda kotonii katika nyavu zenye umbo la mrija kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo. Mwani uliota vizuri. Lakini kina kinataka boti, na kinataka mtu ajue kuogelea, na wanawake wengi wa umri wa somo walilelewa wakiambiwa kwamba kuogelea ni kwa wanaume. Alicheka aliponieleza hayo, kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba wajukuu wake wote wanajua kuogelea, wa kike kwa wa kiume, na kwamba hilo ni jambo moja lililobadilika ambalo hataki lirudi lilivyokuwa.

Tulifanya kazi kwa saa mbili. Kazi yenyewe ni hii: unafungua kamba kutoka kwenye vijiti viwili, unaikokota karibu nawe, unakata mafungu yaliyokomaa na kuyatia guniani, unaacha vichwa vidogo viwe mbegu, na kila kichwa unakifunga tena kwa uzi mfupi, kikaze kiasi cha kutochukuliwa na wimbi na kilegee kiasi cha kuweza kunenepa. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau kabisa. Vya mwanangu, ambavyo havikuwahi kujua, vilijifunza kabla ya vyangu kukumbuka. Kwa mbali, upande wa ufukweni, tuliona wageni wakitembezwa na kijana mwenye fimbo akiwaeleza habari za mwani, nao wakasimama na kutupiga picha. Somo aliwapungia mkono akaendelea kufunga. Nilimuuliza kama haimkeri. Akanijibu kwamba mimi nilikuwa wa kwanza kumpiga picha akiwa na gunia kichwani, mwaka ule wa kwanza, na kwamba picha hiyo anayo mpaka leo.

Upande wa kusini wa shamba lake zimening'inizwa kamba nyingine zenye vitu vya mviringo vyeusi: ni sponji, ambazo kundi la wanawake wa Jambiani hulima kwa ajili ya kuuza kama sifongo za kuogea. Zinakua polepole kuliko mwani lakini zinavumilia joto, na mmoja wa wakwe zake somo yumo katika kazi hiyo.

Kamba ya mwisho tuliyoifunga, yenye vichwa vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, alisema ni yetu. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Tulibeba magunia matatu, moja kwa kila mmoja, na langu lilikuwa dogo kuliko yote.

Jumanne, 23 Julai

Mvua ndogo ya asubuhi, na miili inauma. Tulikaa barazani kwa somo tukigeuza mwani kwenye mkeka kila mvua ilipokatika.

Alinionyesha kisima cha nyumba, ambacho maji yake yameingia chumvi kiasi kwamba hayafai tena kwa chai. Maji ya kunywa hununuliwa kwa madumu. Visima vimeongezeka, mahoteli yameongezeka, na watu wameongezeka pia. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu milioni 1.3 na ya 2022 ikahesabu karibu milioni 1.9, na juu yao waliingia wageni zaidi ya 630,000 katika mwaka 2023 pekee, ilhali mwaka ule nilipokuja mara ya kwanza wageni wa mwaka mzima hawakufika laki moja. Nimekuwa nikiyatazama mabadiliko haya kama yaliyoletwa na wageni tu, lakini huku juu, kwenye ardhi ya uwanda yenye mawe matupu, nimeona nyumba mpya za vijana wa Jambiani zimejengwa hadi mahali palipokuwa vichaka vya kukata kuni, na mjukuu wa somo, anayepokea wageni katika hoteli moja ya Paje, ndiye aliyenunua tangi la maji ambalo familia nzima inalitegemea.

Usiku tulikula pweza wa nazi.

Jumatano, 24 Julai

Niliamka alfajiri nikaenda peke yangu kupitia upenyo ule. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukutani, mwezi bado uko juu upande wa magharibi, na ngalawa mbili zilikuwa zikitoka kuelekea mlango wa mwamba, tanga likiwa bado limekunjwa, watu wakisukuma kwa pondo. Hapakuwa na muziki saa ile. Nilisimama kwenye ngazi ya mawe iliyo mahali palipokuwa na baraza la shemeji, na kwa muda mfupi sauti zote zilikuwa za zamani: maji, pondo, adhana ya pili kutoka msikiti wa Kibigija.

Somo alitusindikiza hadi kituoni na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye karatasi, pamoja na nambari yake ya simu aliyoiandika mara mbili, kwenye daftari langu na kwenye simu ya mwanangu, kwa kuwa mimi haniamini tena. Tukiwa tunasubiri gari alimweleza mwanangu namna ya kuhesabu. Mwani unataka wiki sita, yaani bamvua tatu. Ya kwanza itakuwa mwezi mwandamo wa Mfungo Tano, ya pili mwezi kumi na tano wa mwezi huohuo, na ya tatu mwandamo wa Mfungo Sita, siku chache kabla ya maulidi kuanza kusomwa kijijini. Siku hiyo ndiyo atakayoifungua kamba yetu.

Mwanangu alifungua kalenda ya simu, akahesabu, akapata mwanzoni mwa Septemba. Alimuuliza maji yatakupwa saa ngapi.

"Saa nne, mwanangu," alijibu somo. "Bamvua huku ni saa nne. Mje na viatu vyenu."